Kompyuta ya Kilo Sitini na Mbili

Mimi niliipiga chapa barua ya kuachishwa kazi kwangu mwenyewe, na sikukosea herufi hata moja. Nakala tatu, karatasi za kaboni katikati. Mtu akikuambia anajua dharau ni nini, muulize kama amewahi kupewa kazi hiyo halafu akasimamiwa nyuma ya kiti na kuambiwa, "Fanya haraka kidogo, Mama Jenifer, tunataka kusaini kabla mvua haijaanza."

Naitwa Cornelia. Ofisi yetu iko Milanzi, hapa hapa Sumbawanga, chumba kimoja kilichoshikana na ghala. Chama chetu ni cha wakulima wa ulezi, wanachama mia mbili na arobaini, na mimi ndiye mpiga chapa wake tangu kilipoanzishwa, wakati ule ushirika wa zamani ulipokufa na tukaambiwa sasa kila mtu atafute mnunuzi wake. Miaka kumi na mmoja nimekaa mbele ya taipureta moja. Mshahara wake ndio uliokuwa unamsomesha binti yangu Jenifer, na sikuwa na mwingine.

Mwaka wa tisini na tisa akatokea mnunuzi. Kiwanda cha unga wa lishe, kutoka Morogoro huko, kilitaka ulezi wa Ufipa, lakini barua yao ilisema wazi: majina ya wakulima, ukubwa wa mashamba na makadirio ya mavuno yawe ndani ya kompyuta, na ofisa wao atakuja kuyaona kwa macho yake. Kamati ikaitishwa siku hiyo hiyo. Wakaandika barua kwa muuzaji mmoja wa kompyuta wa Mbeya, yaani mimi ndiye niliyeiandika.

Muuzaji akatuma karatasi mbili zenye picha. Zote zilikuwa kompyuta za mapajani, za watu wa biashara. Ya kwanza nyembamba, kilo moja na robo tatu, lakini betri yake masaa mawili tu, na kifaa cha kuingizia diski unanunua pembeni. Ya pili nene, kila kitu kimo ndani, betri masaa manne, ila kilo tatu na nusu, na ikifanya kazi sana inapata moto mpaka feni yake inavuma. Nilizisoma mara tatu nikaelewa. Ukitaka wepesi, unapunguza betri. Ukitaka betri, unabeba. Ukitaka kasi, unavumilia joto na kelele. Mtu anachagua anachokihitaji na kukubali anachokikosa, basi. Hata viatu tunanunua hivyo hivyo.

Lakini kamati yetu, jamani, haikuzaliwa kukosa kitu.

Mwenyekiti Flavian alitaka ile nyembamba, na sababu yake naijua, kwa sababu nilimkuta ameibana ile karatasi kwapani anajitazama kwenye kioo cha dirisha. Flavian ni mtu wa heshima zake. Anavaa koti jeusi kiangazi na masika, na hata akipiga chafya anatazama kwanza nani yupo. Makamu wake, Mama Luciana, alitaka betri. Ana mashine ya kusaga kule Chanji, na umeme ukikatika wateja wote wanamgombeza yeye.

"Masaa mawili ndiyo nini?" akafoka. "Masaa mawili mimi naomba radhi tu, sijaanza hata kuahidi!"

Na Mzee Masalu, mjumbe wa tatu, alitaka uzito. Huyu alihamia huku na ng'ombe wake kutoka Shinyanga zamani, sasa analima ulezi kuliko Wafipa wenyewe, na ndiye msimamizi wa ghala. Ana kipaji ambacho sijakiona kwa mwingine. Akiinua kitu mara moja tu anakutajia kilo zake: ndama, gunia, mtoto wa mtu. Siku mizani ya ghala ikipishana naye tunaita fundi wa mizani, na kila mara fundi amekuta mizani ndiyo mbovu. Kwa Mzee Masalu, mnyama mwepesi ni mgonjwa, na hakuona kwa nini kompyuta ipendelewe.

"Kilo moja na robo tatu?" akasema akiishika karatasi kama inanuka. "Hiyo si kompyuta, hiyo ni kuku. Mwizi ataitia ndani ya shati atatuaga na kwaheri juu."

Wakabishana siku tatu. Mwisho Flavian akashinda, kwa sharti moja ambalo nililiandika kwenye muhtasari kwa mkono wangu: inunuliwe ile nyembamba, na kasoro zake zirekebishwe hapa hapa Sumbawanga.

Ilikuja kwa basi, ndani ya boksi lenye sponji. Niliifungua mwenyewe. Haki ya Mungu, niliipenda. Ilikaa mapajani kama sahani ya chakula, vitufe vyake vinabonyea bila kelele. Sista mmoja alinifundisha Jumamosi mbili, na kwa siku sita nikawa nimeingiza wakulima wote mia mbili na arobaini na mashamba yao. Nikikosea jina nalifuta, na hakuna anayejua. Miaka kumi na mmoja nimekuwa nikikosea mbele za watu, na wino mweupe juu. Betri ya masaa mawili ilinitosha kabisa, kwa sababu kila baada ya masaa mawili binadamu anatakiwa kunywa chai. Nikawaambia kamati hivyo. Nikawaambia: iacheni ilivyo.

"Wewe unaitumia tu, Mama Jenifer," Flavian akanijibu kwa upole wake ule wa kuudhi. "Sisi tunaiendesha."

Basi marekebisho yakaanza. Akaitwa Nestory, fundi redio wa Chanji, akaunganisha betri ya lori. Mama Luciana akasema moja ikiisha je, ikaongezwa ya pili. Betri mbili za lori hazikai mapajani, kwa hiyo likahitajika sanduku. Likatafutwa kwa Oswaldi seremala, na Oswaldi bwana anatengeneza vitu viwili tu: vitanda na majeneza. Kwa bahati alikuwa na mbao za mninga zilizokwisha kukatwa, maana mteja wake mmoja alipona. Akaunga sanduku refu, akalipiga vanishi, akalitia vishikio sita vya shaba vilivyokuwa tayari viko stoo. Mzee Masalu akaongeza bamba la chuma chini, kwa ajili ya mwizi. Halafu wakasema ikisafiri itatikisika, na kwetu kitu cha kuvunjika kinasafirishwa ndani ya ulezi. Mayai, vyungu, saa za ukutani, vyote vinazikwa kwenye ulezi na vinafika salama. Wakamimina ulezi.

Siku ya kwanza tu punje zikaingia chini ya vitufe. Nilibonyeza A, ikasema kruu. Nilikaa na sindano tangu asubuhi hadi mchana natoa punje moja moja, machozi yananitoka, na kamati imesimama nyuma yangu inasifia vanishi.

Mzee Masalu akashika upande mmoja wa sanduku, akafumba macho, kisha upande wa pili. "Sitini na mbili," akasema. Tukaliweka kwenye mizani ya ghala. Sitini na mbili.

Na hapo ndipo nilipokwisha mimi. Maana kamati ikakaa, ikatafakari, ikaona kwamba chombo kile hakiwezi kuendeshwa na mwanamke mwenye kilo hamsini na moja. Azimio likapita: "Mwendesha kompyuta awe mtu mwenye uwezo wa kuinua kilo sitini na mbili bila msaada." Nafasi ya mpiga chapa ifutwe mwisho wa mwezi, baada ya mnunuzi kuonyeshwa kompyuta. Nafasi mpya apewe Kashinje, mpakua magunia wa ghala letu. Kashinje ni mtu mwema, sina ugomvi naye, lakini alipooneshwa vitufe aliuliza ni nani amezivuruga herufi.

"Kompyuta ina kilo moja na robo tatu!" nikawaambia. "Nyie ndio mmeleta hizo sitini!"

"Ndiyo hivyo, imekwisha kuwa nazo," akasema Flavian. "Tufanyeje sasa?"

Kisha nikakaa nikapiga chapa, nakala tatu.

Ofisa wa kiwanda alikuwa Bi Herieth. Angelala Kaengesa, nyumba ya wageni ya misheni, aonane na vyama kadhaa asubuhi, na saa sita kamili aondoke kwenda Tunduma. Tukikosa saa sita, tumekosa mwaka. Basi siku hiyo, saa moja asubuhi, pikapu ya kukodi ikaegeshwa mlangoni, na Oswaldi akasimama na nyundo na misumari, maana bawaba zisingevumilia ile barabara.

"Ingiza kompyuta, ufukie vizuri na ulezi, nipigilie," akaniambia.

Niliitazama ile mashine, nikautazama ule ulezi. Nikakumbuka kruu. Wenzangu wote walikuwa nje wanabishana nani akae mbele. Oswaldi mwenyewe alikuwa na misumari mdomoni anatafuta penseli. Nikaifunga kwenye kitenge changu, nikaitia kwenye kikapu, juu yake nikaweka mahindi ya kuchemsha. Pale ilipotakiwa kulala nikajaza ulezi. "Tayari," nikasema. Nilichotaka ni ifike nzima tu, mengine sikuwa nimeyafikiri. Oswaldi akapigilia misumari kumi na minane, nilihesabu.

Mvua ilikuwa imenyesha usiku. Tulipoacha barabara kuu kuingia ya misheni, pikapu ikatembea kidogo, ikazama. Ikazama kwa nyuma, upande wa sanduku, mpaka namba ya gari haisomeki. Tulisukuma, tukaweka majani, tukaweka mawe, dereva akatukana mpaka akaishiwa. Saa nne ikapita. Ilibaki kama mwendo wa saa moja kwa miguu.

"Vishikio ni sita," akasema Oswaldi kwa majivuno ya fundi. "Nilijua tu."

Basi wakalinyanyua begani. Mbele Mzee Masalu na Kashinje, katikati Oswaldi na Nestory, nyuma dereva na utingo wake. Flavian akatangulia na koti lake jeusi, mikono nyuma. Mama Luciana akafuata ameinamisha kichwa na kitenge amekivuta mpaka usoni, kwa sababu ya manyunyu. Mimi nilikuwa wa mwisho na kikapu changu. Nilipotazama ule msafara kutoka nyuma nikajisemea, Yesu na Maria, hivi sisi tunaonekanaje?

Tulionekana hivyo hivyo unavyofikiri.

Mtu wa kwanza alikuwa shambani, kwenye ngwala yake ya mahindi, akasimama, akavua kofia. Akalaza jembe begani, akaingia barabarani, akatufuata kimya. Kwetu ndivyo ilivyo: mwili ukipita unaacha kazi, unasindikiza. Na humuulizi mtu njiani nani amekufa, ni utovu wa adabu, utajua mkishazika. Wakaja wawili wengine, kisha familia nzima. Wanaume wakaanza kupokezana vishikio, kila mmoja akitoka chini ya sanduku anafuta jasho na kusema, "Alikuwa mtu wa mwili, marehemu."

"Mwenyekiti," nikamkimbilia Flavian, "waambie!"

"Niwaambie nini?" akanong'ona. Uso wake ulikuwa umelowa na haikuwa mvua. "Niwaambie wamevua kofia kwa ajili ya kompyuta? Wewe ungewaambia?"

"Ndiyo, ningewaambia!"

"Haya, waambie."

Nikageuka. Walikuwa wamefika arobaini, na kina mama walikuwa wameshaanza wimbo wa Bikira Maria, sauti tatu, nzuri kabisa. Nikarudi nyuma na kikapu changu. Tulipofika kwenye uzio wa misheni tulikuwa zaidi ya mia, na saa yangu ilisema saa tano na dakika thelathini na tano.

Kamati haikuweza kupita. Watu waliwazunguka, wanawashika mikono, wanawapa pole. Mimi sikuwa ndugu wa marehemu wala sikuwa na koti jeusi, kwa hiyo nikapenya na kikapu changu mpaka chumba cha wageni, nikabisha hodi.

Bi Herieth alikuwa mama wa makamo, amekaa anajikanda bega la kulia. Mezani kwake kulikuwa na kompyuta nene, ile ya karatasi ya pili kabisa, dada yake na yetu, na feni inavuma.

"Milanzi?" akauliza. "Nimewasubiri mpaka nikakata tamaa. Kompyuta yenu iko wapi?"

Nikatoa mahindi. Nikatoa kitenge. Nikaifungua, nikaiwasha, nikamwekea mapajani. Majina yote yakatokea, shamba kwa shamba, kijiji kwa kijiji. Akawa ananitajia jina nami namtafutia, na kabla hajamaliza kuvuta pumzi limeshapatikana. Akacheka.

"Nyepesi hii! Yangu ina kila kitu, mama, na bega langu ndilo linalolipa. Betri yako masaa mangapi?"

"Mawili."

"Yanakutosha?"

"Kazi yangu ya leo ni dakika ishirini," nikamwambia.

Akasaini mkataba. Nje vilio vikapanda, akasimama akachungulia dirishani. "Poleni, kumbe kuna msiba?"

"Unakuja," nikasema. Sikujua niseme nini tena.

Alipotoka kwenda kwenye gari lake alipita kwa Flavian, akampa mkono. "Hongera mwenyekiti, kompyuta yenu ni nzuri sana."

"Ahsante," akajibu Flavian, macho yake yako mbali kabisa. "Bwana ametoa, Bwana ametwaa." Bi Herieth akamtazama kidogo, akaingia garini, akaondoka.

Nilipowafikia wenzangu nilikuta shimo. Jamani, walikuwa na majembe, walitoka mashambani, na watu mia na udongo wa mvua hawachelewi. Mkulima mmoja alikuwa ametoa pembe ya shamba lake, nje ya uzio, kwa moyo safi kabisa. Katekista mmoja mzee amesimama na kitabu, anataka maelezo.

"Jina la marehemu?"

Flavian akajibu, "Ni mgeni. Ametoka Mbeya."

"Umri?"

Nikaona Flavian anahesabu. Ndivyo alivyo, hawezi kudanganya moja kwa moja. "Wiki tatu," akasema.

Kina mama wakalipuka kwa kilio. Katekista akalitazama sanduku, urefu na upana. "Wiki tatu, na sanduku lote hili?"

"Ana vitu vyake," akasema Mama Luciana kutoka ndani ya kitenge, na sauti yake ilikuwa ya kilio cha kweli, maana betri moja ilikuwa yake.

Sasa nisikilize vizuri, kwa sababu hapa ndipo watu wananihukumu. Nilikuwa na kikapu mkononi na mkataba ndani yake. Ningeweza kupaza sauti: simamisheni, humo hamna kitu, kompyuta ninayo. Na nilifungua mdomo kweli. Lakini niliona yote yatakayofuata kama yameandikwa. Wangefungua sanduku, wangefurahi, wangeirudisha kwenye ulezi, wangepigilia. Kashinje angekaa kitini pangu kuzitafuta herufi zilizovurugwa, nami ningekwenda nyumbani kumwambia Jenifer arudishe sare za shule. Nikaona pia kamati ikiwaeleza watu mia wenye tope magotini walichokuwa wanakililia.

Halafu kulikuwa na bibi mmoja, Bibi Adela, wanamjua pale. Alikuwa amepiga magoti kabisa ukingoni mwa shimo. Alikuwa anasema polepole, si kwa mtu yeyote, "Na wangu alikuwa wa wiki tatu. Wangu tulimzika na kikapu, hatukuwa na mbao."

Flavian alimsikia. Wote tulimsikia. Yule mtu ambaye sijawahi kumwona bila koti akalivua, akainama kwenye tope na suruali yake ya kupiga pasi, akamfunika bibi yule mabegani. Akabaki na shati lenye kiraka mgongoni, ambacho hakuna mtu Milanzi aliyejua kwamba kipo. Nikafunga mdomo.

Wakalishusha kwa kamba. Mzee Masalu alishika kamba ya mbele. Lilipotua chini alisimama kidogo na kamba mkononi, ametulia, halafu akaiachia. Tukatupa udongo mmoja mmoja. Nami nilitupa. Nilimtupia nani sijui, labda yule mtoto wa kikapu.

Wiki iliyofuata kamati ilikaa. Hakuna aliyemtazama mwenzake usoni. Flavian akaniambia niandike kwenye muhtasari: "Kifaa kilipotea kikiwa kazini." Akasema mkataba umepatikana, Mungu mkubwa, pengine Bi Herieth aliguswa na ule umati. Kwa kuwa kifaa hakipo, mwendesha wake hahitajiki, na azimio la kilo sitini na mbili linafutwa. Kashinje akashukuru sana, akarudi kwenye magunia yake. Mimi nikaambiwa niendelee.

Na nimeendelea. Kila asubuhi nakuja na kikapu, nakiweka chini ya meza, mguu wangu unakigusa. Wakitoka wote naitoa, nafanya kazi yangu masaa yangu mawili, namaliza. Kisha nanakili kwa taipureta, kwa kelele, ili wasikie. Naipiga kwa nguvu zote ile maskini. Sikuiba, kompyuta ya chama iko ofisini mwa chama kila siku ya kazi, sijui mwizi wa namna gani huyo. Ila Jumapili kanisani mambo hayo huwa yananisuta, hilo silikatai.

"Mama Jenifer," Flavian alinisifu siku moja, "tangu tuachane na lile balaa umekuwa mwepesi ajabu. Unaona? Mashine zinadumaza watu."

Mwezi wa saba ulezi ukaingia, ghala likajaa mpaka mlangoni. Siku moja Mzee Masalu akaja ofisini kuleta karatasi za mizani. Nikampa shikamoo, akaitikia marahaba, akaketi, akatazama huku na huku. Kikapu kilikuwa kimesogea njiani. Kabla sijawahi kumzuia akainama, akakishika kwa mkono wake ule, akakiinua ili kukiweka pembeni.

Akasimama nacho. Akafumba macho.

Niliwaza Jenifer, niliwaza polisi, niliwaza Flavian na kiraka chake.

"Siku ile," akasema Mzee Masalu, macho bado amefumba, "sanduku lilikuwa pungufu. Nusu kilo hivi. Ulezi si mzito kama chuma, mwanangu."

"Ulijua?" Sauti yangu ilitoka ya kitoto. "Tangu barabarani? Mbona hukusema?"

"Ningesema, wangefukua." Akafumbua macho. "Wangefukua mbele ya yule bibi."

Akakiweka kikapu chini ya meza, polepole, kama anavyolaza ndama. Akachukua kofia yake. Alipofika mlangoni akageuka, akaunyooshea kidole mtungi wa maji uliokuwa karibu na mguu wangu.

"Huo sogeza," akasema. "Ukimwagika utaiua kweli."